Malezi Ndani ya Kazi: Thamani ya Dakika za Kawaida katika Miaka ya Kwanza ya Mtoto

Sehemu kubwa ya malezi ya mtoto mdogo haifanyiki katika matukio ambayo familia huyakumbuka kwa tarehe, kama vile kuzaliwa, kupewa jina au kuanza shule, bali hufanyika katika muda ambao hakuna anayeuhesabu, ambamo mtoto ananyonyeshwa, anaogeshwa, anabebwa mgongoni, analishwa uji na kubembelezwa alale, huku mzazi akiwaza kazi nyingine inayomsubiri. Kwa kuwa muda huo hujirudia siku baada ya siku, ni rahisi kuuona kuwa mzigo wa kumalizwa upesi ili mambo ya maana yaanze. Hata hivyo, utafiti wa zaidi ya nusu karne, ambao sehemu yake muhimu ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki, unaonyesha kwamba katika miaka ya kwanza ya uhai mambo ya maana ni hayo hayo ya kila siku, na kwamba namna mzazi anavyoyapokea na kuyafurahia huacha alama katika makuzi ya mtoto. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa kuangalia mazingira ya Iguguno, ambako familia nyingi hulea watoto bila kuacha jembe, na ambako ushauri wowote wa malezi usioanzia kwenye kazi hauwezi kufika mbali.

Mwaka wa kazi na nafasi ya mtoto

Iguguno ni kata ya Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, iliyo kando ya barabara kuu ya lami inayotoka Singida kuelekea Nzega na hatimaye Mwanza. Wilaya yenyewe, ambayo makao yake makuu yako Nduguti, ilianzishwa mwaka 2012 kwa kuigawa Wilaya ya Iramba. Wanyiramba ni miongoni mwa wenyeji wa eneo hilo, nao huishi pamoja na Wanyaturu, Wasukuma na watu wa makabila mengine, wengi wao wakitegemea kilimo na ufugaji katika nchi yenye ukame wa kiasi na msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Alizeti, mtama, uwele na mahindi hupandwa katika miezi hiyo michache, na kwa sababu mvua haina mazoea ya kumsubiri mtu, kaya nzima huingia shambani kwa wakati mmoja.

Katika ratiba ya namna hiyo, mtoto mdogo hana saa yake ya pekee. Wakati wa kupanda na kupalilia, mama anayenyonyesha humfunga mtoto mgongoni kwa khanga, humlaza kivulini akipata usingizi, na husimamisha jembe anapolia. Mtama na uwele unapokaribia kukomaa huja kazi ya kuamia, yaani kulinda shamba dhidi ya ndege waharibifu, hasa kwelea kwelea, ambapo mlinzi hukaa kwenye dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mimea, akipiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo tangu asubuhi hadi jua linapozama. Baadaye hufuata kuvuna, kupura na kupepeta, na kiangazi kinapokaza, safari za kutafuta maji na kuni hurefuka. Katika kazi zote hizo mtoto yupo, ama mgongoni, ama pembeni, ama mikononi mwa dada yake.

Hali hiyo ina maana kubwa kwa mjadala wa malezi. Vitabu vingi vya malezi vimeandikwa kwa ajili ya familia ambazo mzazi huenda kazini mahali pengine na kurudi jioni akiwa amepungukiwa na muda wa kukaa na mwanawe, hivyo humshauri atenge saa maalumu ya kucheza naye. Mzazi wa Iguguno ana tatizo la aina nyingine, kwa sababu mtoto yuko naye muda mrefu, lakini mikono na macho yake yamechukuliwa na kazi. Swali linalomhusu, kwa hiyo, haliko katika idadi ya saa anazokaa na mtoto bali katika kile kinachopita baina yao wakati kazi ikiendelea.

Maana ya malezi yenye mwitikio

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, kwa kushirikiana na wadau wengine, walitoa mwongozo wa kimataifa unaogawa mahitaji ya mtoto mdogo katika mafungu matano, ambayo ni afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Tanzania iliyachukua mafungu hayo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 na kuwalenga watoto tangu kutungwa mimba hadi umri wa miaka minane. Kati ya mafungu hayo, afya na lishe yanafahamika vizuri kwa wazazi kupitia kliniki, ambako mtoto hupimwa uzito na kupewa chanjo, lakini malezi yenye mwitikio ni dhana ambayo bado inahitaji maelezo.

Mwitikio katika maana hii ni mfuatano wa hatua fupi kati ya mtoto na mtu mzima. Mtoto hutoa ishara, ambayo huweza kuwa kilio, mlio, tabasamu, kidole kilichonyooshwa au hata kugeuza uso pembeni. Mtu mzima huiona ishara hiyo, huitafsiri, kisha huijibu mapema kiasi kwamba mtoto anaweza kuuhusisha mlio wake na jibu alilopata. Mfuatano huo huchukua sekunde chache tu, na hauhitaji kifaa wala elimu ya darasani, lakini hurudiwa mara nyingi sana kwa siku, na kwa kurudiwa huko mtoto hujifunza jambo la msingi kuliko yote, kwamba sauti yake ina mtu wa kuisikia.

Maumbile yenyewe yamemwandaa mtoto kwa mazungumzo hayo. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi vitu vilivyo umbali wa takribani sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali uliopo kati ya ziwa na uso wa mama anayenyonyesha, na tayari huitambua sauti ya mama yake kwa kuwa aliisikia akiwa tumboni. Wataalamu wa ukuaji wa ubongo wanakadiria kwamba katika miaka ya mwanzo zaidi ya miunganisho milioni 1 ya seli za ubongo huundwa kila sekunde, na kwamba miunganisho inayotumika mara kwa mara huimarika ilhali isiyotumika hupungua. Hii ndiyo sababu ya msisitizo unaowekwa kwenye siku 1,000 za kwanza, hesabu inayopatikana kwa kujumlisha takribani siku 270 za mimba na siku 730 za miaka miwili inayofuata.

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake nchini Marekani walionyesha kwa jaribio fupi namna mtoto anavyoutegemea mwitikio huo. Mama aliombwa kwanza acheze na mtoto wake kama kawaida, kisha akaombwa amtazame kwa dakika chache bila kubadili uso wala kutoa sauti. Watoto waliiona tofauti hiyo mara moja, wakajaribu kumrudisha mama kwa tabasamu, sauti na mikono, na waliposhindwa wakageuza nyuso zao na kuonyesha huzuni. Jaribio hilo halimaanishi kwamba mtoto hudhurika kila mama anapotazama pembeni, kwa kuwa hakuna mzazi anayeweza kuitikia kila ishara. Linachothibitisha ni kwamba hata mtoto wa miezi michache anategemea kujibiwa, na kwamba anajua pale asipojibiwa.

Mafunzo kutoka Uganda

Ushahidi ulio karibu zaidi na maisha ya wakulima wa Iguguno ulikusanywa nchini Uganda. Kati ya mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa akiishi Kampala, alizitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na mji huo, zote zikiwa na watoto wadogo waliokuwa bado hawajaachishwa kunyonya. Alizirudia familia hizo kila baada ya wiki mbili hivi kwa muda wa miezi kadhaa, akikaa sebuleni kwa takribani saa mbili kila mara, akitazama mambo ya kawaida ya nyumbani na kuzungumza na akina mama. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1967, nayo yakawa miongoni mwa misingi ya nadharia ya ufungamano, inayoeleza kwamba mtoto hujenga uhusiano wa pekee na mtu mmoja au wachache wanaomlea, akawatumia kama kituo cha usalama anachotoka kwenda kuchunguza ulimwengu na kukirudia anapoogopa.

Ainsworth aliona kwamba baadhi ya watoto walikuwa na ufungamano ulio salama, hawakulia sana mama alipokuwapo na walithubutu kutambaa mbali kuchunguza vitu, ilhali wengine walilia mara kwa mara na hawakutulizwa kwa urahisi. Alipotafuta kilichowatofautisha, mambo mawili yalijitokeza. La kwanza ni kwamba akina mama wa watoto waliotulia walikuwa wepesi wa kutambua. Walipoulizwa habari za mtoto walieleza mambo madogo madogo kwa wingi na bila kusukumwa, ishara kwamba walikuwa wakimtazama hata walipokuwa kazini. La pili linagusa kiini cha makala haya: akina mama walioeleza kwamba wanafurahia kunyonyesha walielekea kuwa na watoto wenye ufungamano salama.

Ni lazima matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu, kwa kuwa familia 26 ni chache, na mambo mawili kuonekana pamoja hakuthibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Inawezekana pia mtoto mtulivu ndiye anayemfanya mama afurahi. Pamoja na tahadhari hiyo, tafiti nyingi zilizofuata katika nchi mbalimbali zimeendelea kuonyesha uhusiano kati ya wepesi wa mlezi kutambua na usalama wa mtoto. Jambo la kuzingatia ni kwamba furaha iliyoandikwa na Ainsworth haikutokana na zawadi, safari wala vifaa vya kuchezea, bali ilikuwa furaha ya kunyonyesha, kazi ambayo mama angeifanya hata bila kuifurahia. Kuthamini dakika za kawaida, kwa maana hiyo, si kuongeza shughuli mpya katika siku iliyokwisha kujaa, bali ni kuipokea kwa namna nyingine shughuli iliyopo.

Kuishi kwanza, kisha kuzungumza

Iwapo jambo hili ni jepesi kiasi hicho, mtu anaweza kuuliza kwa nini katika jamii nyingi za vijijini wazazi hawakuwa na desturi ya kuzungumza sana na mtoto mchanga. Jibu lilitolewa na mwanaanthropolojia Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti wa muda mrefu miongoni mwa Wagusii wa magharibi mwa Kenya, tangu miaka ya 1950 hadi ya 1970. Waligundua kwamba mama wa Kigusii alimbeba mtoto karibu muda wote, alilala naye, na alikiitikia kilio chake upesi kuliko mama wa tabaka la kati wa Boston, lakini alizungumza naye na kumtazama usoni mara chache zaidi. LeVine alieleza kwamba tofauti hiyo haikutokana na upungufu wa mapenzi. Pale ambapo watoto wengi hufa wakiwa wadogo, lengo la kwanza la mzazi ni mtoto aishi, hivyo humweka karibu, humnyonyesha mara kwa mara na kumtuliza, akiyaacha mafunzo ya maneno yaje mtoto anapokuwa amevuka hatari.

Maelezo hayo yanawatendea haki mababu na mabibi, na pia yanaonyesha kilichobadilika. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, mwaka 2004/05 watoto 112 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai nchini Tanzania walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na kufikia mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 43. Chanjo, vyandarua vyenye dawa, huduma za wajawazito na tiba ya malaria vimewapa wazazi wa leo jambo ambalo bibi zao hawakuwa nalo, yaani matumaini makubwa zaidi kwamba mtoto anayecheka mapajani ataishi. Hata hivyo, vifo 43 bado ni vingi mno, na katika utafiti huo huo wa 2022 asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kwa hiyo lishe na kliniki vinabaki kuwa sehemu ya kwanza ya kumthamini mtoto. Lakini palipo na matumaini hayo, desturi ya kubeba na kutuliza, ambayo Afrika Mashariki imeirithi ikiwa imara, inaweza kuongezewa maneno na mchezo bila kupoteza chochote cha zamani.

Kenya hiyo hiyo imetoa mfano mwingine wa nguvu ya mambo ya kila siku. Katika miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, jamii ya wakulima wa Kikipsigis, na wakaona kwamba watoto wa hapo walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini hawakuwahi kutambaa mapema. Sababu ilikuwa kwamba wazazi waliwafundisha watoto kukaa, hata kwa kuwachimbia kishimo kidogo ardhini na kuwaegemeza kwa blanketi, na waliwafundisha kutembea, lakini kutambaa hakukufundishwa. Mtoto, kwa maneno mengine, hukua kuelekea kule ambako shughuli za nyumbani mwake zinampa nafasi ya kujaribu.

Mazoezi yaliyomo ndani ya shughuli

Kazi ya kuamia ni mfano mzuri wa nafasi ambayo haijatambuliwa vya kutosha. Mlinzi wa ndege hulazimika kukaa sehemu moja kwa saa nyingi, akifanya kazi kwa vipindi, kwa kuwa kundi la ndege likishafukuzwa hupita muda kabla halijarudi. Mtoto wa miaka mitatu anayekaa chini ya dungu pamoja na mama yake au babu yake anaweza katika vipindi hivyo kuhesabu mawe ya kombeo yaliyobaki, kutofautisha suke la mtama na la uwele, kuuliza ndege wanakotoka na wanakokwenda kulala, na kutegewa vitendawili ambavyo majibu yake yako mbele ya macho yake. Mzazi anayeyajibu maswali hayo haachi kulinda shamba. Anachofanya ni kumruhusu mtoto aingie katika kazi anayoiona kila siku, na hapo mtoto hupata hesabu, msamiati na mantiki ya sababu na matokeo kabla hajaona ubao wa darasa la awali.

Kuoga jioni ni mfano mwingine, unaofaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu kila nyumba inao. Mtoto wa miezi tisa anakalishwa kwenye beseni lenye maji ya uvuguvugu, na jambo la kwanza analofanya ni kuyapiga maji kwa kiganja na kumtazama mlezi wake. Mlezi mwenye haraka humshika mkono ili amalize kumsugua, lakini mlezi mwenye nafasi ya kuitikia husema kwamba maji yameruka, husubiri kidogo, na mtoto hupiga tena, safari hii akicheka kabla maji hayajaruka kwa kuwa ameshajua kitakachotokea. Kisha mlezi huutaja mguu anapoumwagia maji, hutaja sikio, hutaja tumbo, na mtoto hunyoosha mguu unaofuata kabla haujaguswa. Tofauti ya muda kati ya walezi hao wawili huenda isizidi dakika mbili, lakini katika dakika hizo mtoto wa pili amejifunza majina ya viungo, zamu katika mazungumzo, na uhusiano wa tendo na matokeo yake, naye mlezi amepata kicheko ambacho wa kwanza amekikosa.

Shughuli nyingine za jikoni zina nafasi ya namna hiyo. Anayechambua majani ya mlenda anaweza kumpa mtoto wa miaka miwili rundo lake mwenyewe la kuchambua, na anayepepeta mtama kwenye ungo anaweza kumwachia punje chache azipange chini. Kazi huchelewa kidogo, na rundo la mtoto mara nyingi hulazimika kurudiwa, lakini mtoto huyo anajifunza kwamba anahesabiwa miongoni mwa wanaofanya kazi, hadhi ambayo watoto wadogo huipenda kuliko midoli mingi.

Mkono mmoja haulei mwana

Haitoshi kumwambia mama athamini dakika za malezi bila kuuliza ana mikono mingapi ya kumsaidia. Wilaya ya Mkalama yenyewe ina ushahidi wa kipekee juu ya jambo hili, kwa sababu katika eneo la Munguli, na katika nchi inayozunguka Ziwa Eyasi kwa jumla, huishi Wahadzabe, jamii ndogo ya wawindaji na wakusanyaji ambayo imechunguzwa kwa makini na wanasayansi wanaotaka kuelewa asili ya malezi ya binadamu. Kuanzia miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake walionyesha jinsi bibi wa Kihadzabe wanavyochimba mizizi kwa bidii kubwa, wakiwalisha wajukuu pale ambapo mama amefungwa na mtoto mchanga, na kutokana na uchunguzi huo wakajenga hoja kwamba msaada wa bibi ulichangia kumfanya mwanamke aishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma. Watafiti waliofuata, wakiwamo Frank Marlowe na Alyssa Crittenden, walirekodi namna mtoto wa Kihadzabe anavyopita mikononi mwa baba, bibi, dada na jamaa wengine kwa sehemu kubwa ya muda anaobebwa.

Fundisho lake ni kwamba mama aliye peke yake, anayetakiwa kulima, kupika, kuteka maji na bado aitikie kila ishara ya mtoto kwa uso wa furaha, anatakiwa kufanya jambo ambalo binadamu hakuumbiwa kulifanya. Katika kaya za Iguguno bibi na dada mkubwa ndio wasaidizi wa kawaida, lakini dada huyo naye ni mtoto mwenye haki ya kusoma na kucheza, na hafai kugeuzwa mlezi wa kudumu. Mkono ambao haujatumika vya kutosha ni wa baba. Mwanamume anayerudi kutoka malishoni au kwenye bodaboda yake anaweza kumwogesha mtoto, kumlisha na kumsimulia hadithi, na hakuna sehemu yoyote ya malezi yenye mwitikio, isipokuwa kunyonyesha, ambayo maumbile yamemzuia.

Kwa walioajiriwa, sheria imeweka kiwango cha chini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, inamruhusu kutumia hadi saa mbili za muda wa kazi kwa siku kunyonyesha, na inampa baba siku tatu. Mkulima hana mwajiri wa kumpa likizo, hivyo ruhusa yake inategemea makubaliano ya nyumbani na ya ujirani, ambamo kaya huamua nani atapalilia sehemu ya mwanamke aliyejifungua na kwa majuma mangapi. Makubaliano hayo yanastahili kupangwa kabla ya mvua kuanza, kwa uzito ule ule unaopewa mbegu na jembe.

Mipaka ya ushauri huu

Kuthamini dakika za kawaida kusichukuliwe kuwa amri ya kufurahi kila wakati. Mtoto anayelia usiku kucha kwa kuota meno au homa huchosha, na mzazi aliyechoka hana kosa kwa kutokuona uzuri wa usiku huo. Yapo pia mazingira ambayo furaha huondolewa na mambo makubwa zaidi, kama vile mwaka wa ukame, ulevi na ugomvi nyumbani, au sonona inayowapata baadhi ya akina mama baada ya kujifungua, ugonjwa ambao humfanya mama aone kila kitu kuwa kizito, hata mtoto aliyemtamani. Mama wa namna hiyo hahitaji kuhimizwa atabasamu bali anahitaji kupelekwa kituo cha afya, kupunguziwa kazi na kukaa na watu wanaomjali.

Kizuizi kingine ni kipya, nacho ni simu janja. Uso wa mzazi anayetazama simu hufanana kwa kiasi na uso uliotulia wa jaribio la Tronick, kwa kuwa yupo karibu lakini haitikii, na tofauti yake na kazi ya jembe ni kwamba mtoto haoni anachokifanya mzazi wala hawezi kukishiriki. Kumpa mtoto simu ili anyamaze si suluhisho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hauruhusu watoto wa chini ya miaka miwili kukaa mbele ya skrini, na kwa wa miaka miwili hadi minne unaweka ukomo wa saa moja kwa siku.

Kumbukumbu ya mzazi na haki ya mtoto

Upo upande mmoja wa suala hili unaomhusu mzazi zaidi kuliko mtoto. Wanasaikolojia wamethibitisha kwamba watu wazima karibu hawakumbuki kabisa matukio yaliyowapata kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Mtoto anayeogeshwa leo, kwa hiyo, hatakumbuka beseni wala maneno aliyoambiwa, ingawa utulivu na uaminifu vilivyojengwa humo vitabaki katika tabia yake. Kumbukumbu yenyewe ameachiwa mzazi peke yake. Kipindi chake ni kifupi, kwa kuwa miaka mitano ina siku 1,826 tu, na baada ya hapo Sera ya Elimu na Mafunzo humtaka mtoto aingie darasa la awali, kisha darasa la kwanza, na katika kaya za wafugaji mvulana huanza mapema kufuatana na kaka zake malishoni. Mzazi ambaye katika siku hizo aliyaona malezi kuwa kikwazo cha kazi atakuwa amelea mtoto vilevile, lakini hatakuwa na cha kumsimulia.

Kwa sababu hiyo, kuthamini miaka ya kwanza ya mtoto ni wajibu wenye pande mbili. Upande wa kwanza ni wa nyumbani, nao ni kumtazama mtoto akiwa ndani ya kazi, kumjibu anapoita, kumpa nafasi katika shughuli anayoiona na kugawana mzigo kati ya mama, baba na jamaa. Upande wa pili ni wa jumuiya na serikali, kwa maana bomba la maji lililo karibu humrudishia mama saa nzima, kituo cha kulelea watoto mchana kinachofunguliwa katika msimu wa palizi humpunguzia dada mkubwa siku za kukosa shule, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeulizia michezo na maneno ya mtoto, pamoja na uzito wake, huwafundisha wazazi kwamba mambo hayo nayo ni afya. Programu ya taifa imekwisha kuweka msingi wa maneno. Kilichobaki ni kila mkutano wa kijiji unaopanga bajeti ya visima na madarasa kuwahesabu pia watoto ambao bado wamefungwa migongoni mwa wajumbe wake.